Barua ya wazi: Habari za Vasco da Gama zisomwe upya, kuanzia kwenye nguzo ya Malindi

Kwa wote mliopewa dhamana ya makumbusho, maeneo ya kihistoria, mitaala ya shule na utalii katika pwani ya Kenya na Tanzania,

Waheshimiwa,

KUH: HABARI ZA VASCO DA GAMA KATIKA MALINDI, KILWA NA MADARASA YETU

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na mkazi wa Malindi. Kwa miaka yote niliyofundisha niliandika ubaoni, kama nilivyoandikiwa mimi nilipokuwa mtoto, kwamba Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India, kwamba alipingwa Mombasa na kukaribishwa Malindi, na kwamba aliacha nguzo kuwa alama ya urafiki. Watoto walinakili, wakakariri, wakajibu mtihani na kupata alama zao. Tangu nistaafu nimepata nafasi ya kusoma kwa utulivu yale yaliyoandikwa na watu waliosafiri naye, na nimetambua kwamba habari niliyoifundisha ilikuwa imekatwa mahali pale hasa ilipotuhusu sisi. Nawaandikia kuwaomba, nyinyi wenye uwezo wa kuandika vibao, vitabu na mafunzo ya waongoza watalii, muirudishe sehemu hiyo iliyokatwa.

Niseme mapema kwamba siombi nguzo ing'olewe. Nguzo ile nyeupe yenye msalaba wa mawe ya Lisbon, iliyosimama juu ya jabali la matumbawe kusini mwa ghuba yetu, ni miongoni mwa alama kongwe za Wareno zilizobaki katika Afrika Mashariki, na mawimbi yanayolipiga jabali hilo usiku na mchana yanatosha kuwa adui wake. Ninachoomba ni kwamba mtu anayepanda hadi pale, awe mtoto wa shule kutoka Kaloleni au mgeni kutoka Ulaya, aondoke akiwa ameelezwa ni nani aliyekuja, alikuja vipi, aliongozwa na nani, na alirudi kufanya nini.

Haki yake kama baharia nampa bila kinyongo. Aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na vyombo vinne: São Gabriel, São Rafael iliyoongozwa na kaka yake Paulo, Berrio iliyoongozwa na Nicolau Coelho, na chombo cha kubebea vyakula. Alipovipita visiwa vya Cape Verde hakufuata ufuo wa Afrika kama wengi waliomtangulia, bali alijitosa katikati ya Atlantiki, akatafuta pepo za kusini, na kwa takribani miezi mitatu yeye na watu wake hawakuona nchi kavu hadi walipofika kusini mwa Afrika mwezi Novemba. Hakuna safari ya Wazungu iliyojulikana kabla ya hapo iliyokaa baharini muda mrefu namna hiyo bila kuona nchi; Columbus miaka mitano nyuma alivuka kwa muda mfupi zaidi. Bartolomeu Dias alikuwa amekwisha kulizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, lakini aligeuka na kurudi baada ya kwenda mbele kidogo ya hapo. Kuanzia pale Dias alipogeukia hadi mto Quelimane, katika Msumbiji ya leo, da Gama alikuwa kweli anapita mahali ambapo vyombo vya kwao havikuwa vimepita. Kama kitabu cha shule kingesema hayo, na kwamba aliunganisha kwa safari moja bahari mbili ambazo mabaharia wa kila upande walikuwa wakizifahamu kwa mafungu, nisingekuwa na la kusema.

Lakini alipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498, alikuwa ameingia katika bahari yenye wenyewe. Shajara ya safari hiyo ya kwanza, iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia na ambayo nakala yake ya mkono imehifadhiwa katika maktaba ya umma ya mji wa Porto, inaeleza kwa mshangao vyombo vilivyokuwa bandarini: vilikuwa vimebeba dhahabu, fedha, karafuu, pilipili manga, tangawizi na lulu. Hapo da Gama alipata marubani wawili kwa malipo ya dhahabu mithkali 30 kila mmoja (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito wa dhahabu). Wiki chache baadaye aliamuru rubani mmoja achapwe viboko kwa kosa la kusema kwamba visiwa fulani vilikuwa bara, na kisiwa walichokifikia siku hiyo wakakiita kwa lugha yao Kisiwa cha Aliyechapwa. Hivyo ndivyo njia ilivyokuwa ikigunduliwa: kwa kuwauliza wanaoijua, na kuwachapa walipojibu vibaya.

Kwa Mombasa tumezoea kusimulia kwamba wenyeji walitaka kumhujumu na kwamba aliponea chupuchupu. Inawezekana kabisa kwamba walitaka kumhujumu. Habari za mizinga iliyopigwa Msumbiji zilikuwa zimewatangulia, na kila mji wenye akili ungejihadhari. Tusichowaambia watoto ni kwamba, usiku vyombo vikiwa vimetia nanga Mombasa, mkuu wa safari aliwahoji Waislamu wawili aliokuwa amewashika kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka juu ya ngozi ili wakiri njama. Habari hiyo haikuandikwa na adui yake. Iliandikwa na mtu wake, katika shajara yake, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeorodhesha shughuli za siku.

Vivyo hivyo Malindi. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1498, akiwa njiani kutoka Mombasa, da Gama alikifukuza na kukikamata chombo kimoja kilichokuwa na wanaume 17, dhahabu, fedha na nafaka, pamoja na mzee mmoja mwenye heshima na mke wake kijana. Jua lilipokuwa likitua siku hiyohiyo alitia nanga mbele ya mji wetu akiwa na mateka hao, na ndipo mzee huyo alipotumwa pwani kupeleka salamu. Makaribisho ya Malindi, kwa hiyo, yalianza na mzee aliyekamatwa asubuhi na kuachiwa ili awe mjumbe.

Waheshimiwa, naomba nikae kidogo kwenye siku zile tisa za Malindi, kwa kuwa ndizo ninazozijali kuliko zote. Mwandishi wa shajara anaueleza mji wenye nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi, zilizozungukwa na minazi na mashamba ya nafaka. Anamweleza mtawala akija baharini ndani ya chombo chake, amevaa joho la hariri lenye pindo la kijani, ameketi juu ya viti viwili vya shaba vilivyowekwa mito, amefunikwa mwavuli wa hariri nyekundu, na pembeni yake mzee aliyeshika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Anaeleza wapiga tarumbeta, na miongoni mwa vyombo vyao tarumbeta mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama kimo cha mtu, ambazo hupulizwa kupitia tundu lililo ubavuni. Msomaji yeyote wa pwani anajua kwamba hizo ni siwa. Tunazo siwa za namna hiyo hadi leo katika makumbusho ya Lamu, na mtoto anayeziona pale hajui kwamba zinatajwa, kwa umbo lake hasa, katika maandishi ya mwaka 1498 yanayosimulia mji wa Malindi. Kibao kimoja tu kingeziunganisha.

Mtawala alimwalika da Gama ashuke pwani apumzike. Da Gama alikataa, akisema bwana wake hakumruhusu. Alipowaachia mateka wa kile chombo, mtawala alifurahi na kusema kwamba jambo hilo ni bora kwake kuliko kama angepewa mji mzima. Kisha siku zikapita, na rubani aliyeahidiwa hakuja. Jumapili tarehe 22 Aprili mtawala alimtuma mtu wake wa siri na wa kuaminika kwenda chomboni. Da Gama akamkamata, akampelekea mtawala ujumbe kwamba anataka rubani wake. Rubani akaletwa, na yule aliyeshikwa akaachiwa. Jumanne tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga.

Nilifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba Malindi ilimpa rubani kwa moyo wa urafiki, na sikujua kwamba rubani huyo alitolewa ili kumkomboa mateka. Sisemi kwamba urafiki haukuwapo. Malindi ilikuwa na ushindani mkali na Mombasa, na mtawala wake alikuwa na sababu za kisiasa, tena za busara kwa wakati ule, za kumtaka mgeni mwenye mizinga awe upande wake. Lakini urafiki unaohitaji rahani hauwezi kuelezwa kwa neno moja kwenye kibao.

Rubani huyo mwenyewe anastahili sehemu kubwa ya barua hii. Watu wengi, na waongoza wageni wengi, husema alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, mji uliokuwa katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo. Chanzo cha habari hiyo ni mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo kadhaa baada ya tukio, na akasema kwamba Ibn Majid alileweshwa ndipo akaitoa siri ya njia. Ibn Majid alikuwa mwandishi mwenye vitabu na mashairi mengi ya urubani, na miaka ile alikuwa amekwisha kuwa mzee. Shajara ya safari inasema rubani alikuwa Mkristo, na tunajua kwamba Wareno katika safari hiyo waliwachukulia Wahindu kuwa Wakristo. Nao waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanasema alikuwa mtu wa Gujarati. Wataalamu wengi wa elimu ya bahari ya Waarabu wameikataa habari ya Ibn Majid. Ni aibu kumbebesha mzee wa watu lawama ya ulevi na usaliti kwa sababu tu jina lake lilikuwa maarufu na jina la mwenye kazi halikuandikwa.

Kwa hakika kuna jambo liliandikwa mahali pa jina. Waandishi wale wa Kireno wanamwita "Malemo Cana" au "Canaqua". Sikio la Mswahili halihitaji msaada hapo: malemo ni mwalimu. Katika vyombo vya Bahari ya Hindi mwalimu ndiye aliyesoma nyota na kushika njia, na kanaka ni neno la Kihindi la mjuzi wa mambo ya nyota. Wareno waliuliza jina la mtu wakajibiwa cheo chake, wakakiandika cheo kana kwamba ni jina, na mwenye jina akapotea. Mimi niliyeitwa "mwalimu" maisha yangu yote siwezi kuisoma habari hiyo bila kuguswa.

Ni mwandishi mmoja wa wale, João de Barros, anayetupa picha ya kukutana kwao. Da Gama alimwonyesha rubani chombo chake cha mbao cha kupimia kimo cha jua, na rubani hakushangaa. Alisema kwamba marubani wa Bahari ya Shamu hutumia vyombo vya shaba kwa kazi hiyo, na kwamba yeye na wenzake wana chombo chao cha vibao, akakitoa na kumwonyesha. Alikuwa pia na ramani ya pwani yote ya India. Baada ya siku 23 hivi waliiona milima ya Malabar, pwani ya kusini-magharibi mwa India, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, mji wa bandari wa pwani hiyo. Mtu wa kwanza wa da Gama kushuka pwani alikutana na Waislamu wawili kutoka Tunis waliojua Kikastilia, yaani Kihispania, na wakamuuliza, kwa maneno makali, ni kitu gani kimewaleta huku. Hata lugha za Ulaya, basi, zilikuwa zimemtangulia kufika.

Kama yupo anayedhani kwamba nazidisha nafasi ya yule mwalimu wa chombo, aitazame safari ya kurudi. Mtoto wa mvuvi wa pwani hii anajua kwamba kusi huanza mwezi wa Aprili na kuvisukuma vyombo kwenda kaskazini na mashariki, na kwamba anayetoka India kuja kwetu husubiri kaskazi, inayoshika vizuri kuanzia Desemba. Da Gama alivuka kwenda India wakati kusi inaanza, kwa sababu aliongozwa na mtu anayeijua. Kurudi, aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, na tarehe 5 Oktoba akakiacha kisiwa cha Angediva, kando ya pwani ya India, katika majira ambayo pepo hazina msimamo. Safari iliyochukua siku 23 kwenda ilichukua karibu miezi mitatu kurudi. Kiseyeye kikaingia, fizi zikavimba hadi meno yakafunikwa, miguu ikajaa maji, na mabaharia 30 wakafa katika mvuko huo peke yake, mbali na idadi kama hiyo waliokuwa wamekufa kabla. Kila chombo kilibaki na watu saba au wanane wa kukiendesha. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona Mogadishu, wakaipiga mizinga na kupita, na tarehe 7 wakafika Malindi, ambako wagonjwa walitamani machungwa na machungwa wakaletewa. Mtu aliyegundua njia angeijua na saa yake ya kupitika.

Ni katika siku hizo tano za Januari 1499, si katika safari ya kwenda, ndipo nguzo iliposimamishwa. Da Gama aliomba pembe moja ya ndovu kwa ajili ya mfalme wake, na akaomba nguzo iwekwe nchi kavu. Mtawala akaamuru yote mawili yafanyike. Aliongeza na kijana mmoja wa Kiislamu wa hapa, aliyetaka kwenda Ureno, akamkabidhi kwa msisitizo ili mfalme wa Ureno ajue jinsi anavyoutaka urafiki wake. Nimewaza sana kuhusu kijana huyo wa Malindi. Siku mbili baada ya kuondoka, wakiwa kwenye mafungu ya mchanga karibu na Mtang'ata, si mbali na Tanga, Wareno waliichoma moto São Rafael kwa sababu hawakuwa na mikono ya kuiendesha, na wenyeji wakaja kuwauzia kuku kwa mashati na bangili. Bila shaka kijana wetu aliyaona hayo yote. Paulo da Gama naye hakufika nyumbani; alifia kisiwa cha Terceira, katika visiwa vya Azores, nduguye akiwa pembeni yake.

Kama maisha ya Vasco da Gama yangeishia hapo, angekuwa kwetu baharia hodari, mkali na mwenye kushuku watu. Lakini alirudi, na hapa ndipo vitabu vyetu vinapofunga mlango.

Mwezi Julai 1502 alifika Kilwa na msafara mkubwa wa meli za vita. Kilwa ile ndiyo iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331 na ikasifiwa naye kuwa miongoni mwa miji mizuri. Ndiyo iliyokuwa na biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo. Da Gama alimtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba ataubomoa mji, akamlazimisha kumkubali mfalme wa Ureno kuwa bwana wake na kutoa kila mwaka kodi ya dhahabu mithkali 1,500. Dhahabu hiyo haikuyeyuka ikasahaulika. Ilipelekwa Lisbon, mfalme Manuel akaamuru itumike kutengenezea chombo cha ibada cha kanisa, na kazi hiyo iliyokamilika mwaka 1506 kwa mkono wa sonara Gil Vicente inaitwa Custódia de Belém. Iko hadi leo katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini Lisbon, ndani ya kioo, ikihesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za nchi ile. Nimeona picha zake. Ni kazi nzuri mno, na kila mara ninapoitazama nawaza kwamba mtoto wa Kilwa Masoko anaweza kumaliza shule yote bila kuambiwa kwamba dhahabu ya mji wake iko pale. Miaka mitatu baada ya kodi ile, mwezi Julai 1505, Francisco de Almeida, mkuu wa msafara mwingine wa Wareno, aliipora Kilwa, na mwezi Agosti mwaka huohuo akaichoma Mombasa. Njia aliipita kwa kuwa ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa vitisho.

Kutoka pwani yetu da Gama alivuka tena kwenda India, na mwezi Oktoba 1502 akaikamata meli iliyoitwa Miri, iliyokuwa ikirudi kutoka Makka na mahujaji na wafanyabiashara, mamia ya watu, wakiwamo wanawake na watoto. Walijitolea kulipa fidia kubwa. Alichukua mali, akaamuru meli ichomwe moto pamoja na waliomo. Thomé Lopes, karani aliyekuwa katika msafara huohuo wa da Gama, aliandika alichokishuhudia: wanawake wakinyanyua mapambo yao ya dhahabu na watoto wao wachanga ili wahurumiwe. Hawakuhurumiwa. Watoto wachache walinusurishwa ili wabatizwe. Baada ya hapo Calicut ilipigwa mizinga, na wavuvi waliokamatwa wakakatwa mikono, pua na masikio. Ureno ilipoadhimisha mwaka 1998 miaka 500 ya safari ya kwanza, wako watu wengi India waliokataa kushangilia, na sababu yao kubwa ni matukio hayo. Sisi tulio kwenye ufuo wa pili wa bahari hiyohiyo, ambao babu zetu walikwenda kuhiji kwa meli kama ile, hatujayafundisha.

Najua jibu ninaloweza kupewa: kwamba zama zile zilikuwa za ukatili, na kwamba hatuwezi kumpima mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, ila nakumbusha kwamba Thomé Lopes hakuwa mtu wa leo. Alikuwa mtu wa zama zile, wa taifa lile, wa msafara ule, na alichokiona kilimtisha. Tukitumia mizani yake tu, inatutosha.

Malindi nayo ililipa gharama ya urafiki wake, na naomba hilo liandikwe pia, kwa sababu vijana wetu husimuliwa kana kwamba mji wao ulichagua vizuri na Mombasa ikachagua vibaya. Kwa karibu karne nzima watawala wa Malindi waliwategemea Wareno dhidi ya Mombasa, na baada ya Mombasa kuvunjwa mwaka 1589 walihamia kuitawala. Wareno wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakauhamishia uzito wote huko, na Malindi ikaachwa. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa ukoo huohuo wa Malindi aliuawa baada ya kugombana na Wareno na kukimbilia Rabai. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akabatizwa, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawageuka na kuiteka Ngome. Katikati ya karne ya 19 mji wetu ulikuwa magofu yaliyoota miti. Yote haya yanapaswa kuwa sehemu ya habari ya nguzo ile, kwa kuwa ndiyo yaliyoifuata.

Waheshimiwa, maombi yangu ni ya kutekelezeka. Kwanza kabisa, pale kwenye nguzo pawekwe maelezo marefu kiasi, kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine, yanayotaja mateka wa tarehe 14 na wa tarehe 22 Aprili, rubani wa Gujarati asiyejulikana jina, kijana wa Malindi aliyepelekwa Ureno, na safari ya mwaka 1502. Katika vitabu vya shule neno "aligundua" liondolewe, na mahali pake iandikwe alichokifanya: alikuwa wa kwanza kuja India kwa bahari kutoka Ulaya kwa kulizunguka bara la Afrika, na kutoka Malindi aliongozwa. Habari ya Ibn Majid iwekwe mahali pake, kuwa ni simulizi ya baadaye, na waongoza watalii wafundishwe kuieleza hivyo. Wengi wao ni vijana wasikivu na wangependa kusema kweli kama wangepewa.

Naomba pia shajara ya safari ya kwanza itolewe katika Kiswahili fasaha, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya kijijini anaweza kuimudu. Si kitabu kirefu. Sehemu inayohusu pwani yetu inaweza kusomwa na darasa katika vipindi viwili au vitatu, na mwanafunzi akaona kwa macho yake mafuta yanayochemka, siwa, viti vya shaba na machungwa, akahukumu mwenyewe bila kunakili hukumu yangu ubaoni. Kwa wenzetu wa Tanzania, naomba Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, iwe na picha kubwa na maelezo kamili ya ile Custódia. Na kama mazungumzo na Lisbon yataweza kuzaa maonyesho ya pamoja, au siku moja chombo chenyewe kuvuka bahari kuja kutazamwa na wenye dhahabu, itakuwa heri kubwa.

La mwisho ni dogo na halihitaji bajeti ya kutisha. Kando ya nguzo, si juu yake wala mahali pake, pawekwe jiwe la matumbawe la kwetu, lisilo na sanamu, liandikwe: Mwalimu wa chombo, aliyeondoka hapa tarehe 24 Aprili 1498.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Malindi